Kibati cha Mashine



Mwanangu ameniletea picha ya msumeno wa meza uliokwisha kutumika, anaotaka kuununua afungue karakana hapa Likoni. Akaniuliza, "Baba, waonaje?" Nikamjibu kuwa alichonionyesha ni rangi ya mashine, aniletee picha ya kibati chake.

Sababu ya jibu hilo iko katika mkono wangu wa kushoto, ambao kidole cha pete kimekatika kwenye kifundo cha pili. Watoto wangu wajua kuwa nilikiacha Oyugis. Namna nilivyokiacha sijapata kuwaeleza sawasawa.

Nilikwenda huko ujanani, nikiwa nimefundishwa na ami yangu useremala wa randa na patasi. Mji ule uko kwenye barabara kuu itokayo Kisii kwenda Kisumu, na mbao nyingi tulizopasua zilikuwa za mkaratusi. Mkaratusi ni mti wenye hila. Ungali mbichi huwa na mkazo ndani yake. Uupasuapo, zile pande mbili hurudiana na kuubana msumeno. Ndiyo maana mashine kamili huwa na bamba la chuma lililosimama nyuma ya msumeno: nene kidogo kuliko mwili wa msumeno, jembamba kuliko njia ya meno, ili njia isijifunge. Mashine yetu iliundwa kwa vyuma vya pembe, mota chini, ukanda, na swichi ya ukutani kama ya taa. Bamba halikuwapo, wala kifuniko.

Siku hiyo bao lilibanwa katikati, na papo hapo stima ikapotea. Mzee mmoja tuliyemwita Jaduong' kwa heshima akaniambia, "Kijana wa Mombasa, zima kwanza." Nikamjibu kwa kiburi cha ujana: "Jaduong', nizime nini na stima hamna?" Nikatia kabari, bao likalegea, nikapeleka mkono nyuma nilivute. Stima ikarudi.

Kwa muda mrefu nilimlaumu mwenye karakana. Lawama anayo, lakini swichi ilikuwa hatua mbili kutoka niliposimama.

Basi swali langu la kwanza kwa mwanangu lilikuwa la swichi. Iko swichi ya sumaku ambayo umeme ukikatika hujiachia yenyewe, na ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze. Katika nchi ambayo stima huja na kuondoka ipendavyo, sioni vipi mtu atanunua mashine isiyo nayo.

Kibati kimekuja: volti 240, hezi 50, kilowati 2.2, mizunguko 2,850 kwa dakika, msumeno wa milimita 300. Volti na hezi ni za umeme wetu. Kilowati 2.2 ni karibu nguvu za farasi tatu, zatosha kazi ya milango. Mwanangu alidhani milimita 300 ni unene wa bao litakalopasuliwa. La, kina ni kama thuluthi yake tu. Aliloliruka ni mizunguko. Kwa mizunguko hiyo jino la msumeno husafiri karibu mita 45 kila sekunde; hakuna mkono uwezao kuliwahi. Msumeno nao huandikwa ubavuni kikomo cha mizunguko uwezao kustahimili, nacho kisiwe chini ya kasi ya mashine. Tena wapo wanaotia puli kubwa kwenye mota ili msumeno ukimbie zaidi, na kibati kitaendelea kusema 2,850.

Yaliyobaki nimemwambia kwa mdomo. Asisimame kwenye mstari wa msumeno, maana bao likirushwa huja huko huko. Bao jembamba lisukumwe kwa kijiti. Glavu asivae, na Ijumaa akitoka msikitini avue kanzu kwanza. Mkono mpana wa nguo huvutwa kabla mtu hajatanabahi. Na akiajiri vijana akumbuke kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwenye mashine kuzikinga sehemu zake za hatari. Hao ni watoto wa watu.

Jana ameleta picha nyingine. Swichi ya sumaku ipo, kifuniko kipo. Bamba la nyuma halipo, na muuzaji asema hata yeye hajapata kuliona. Nimemwambia mwanangu asitoe pesa kwanza.