Siku niliyotafsiri vibaya neno "malaika"

Katika kanisa letu, kule Kadutu mjini Bukavu, mgeni anayehubiri kwa Kifaransa hupewa mkalimani. Tangu nilipoingia kitivo cha lugha, mkalimani huyo ni mimi. Wazee hawakuniuliza kama nataka. Walisema tu kwamba mtoto wetu anasoma lugha, basi yeye atatafsiri. Ni heshima, na mara nyingi ni kazi nyepesi.

Siku ninayotaka kuisimulia haikuwa nyepesi. Mama mdogo wangu alikuwa amefiwa na mtoto wa miezi saba, baada ya homa ya siku tatu. Kwenye kilio, chini ya turubai, mhubiri mgeni asiyejua Kiswahili alisimama kuwafariji wafiwa. Alisema kwamba sasa mbinguni kuna malaika mmoja zaidi. Nami nikatafsiri haraka: "Mungu alihitaji malaika, ndiyo maana amemchukua mtoto huyu." Mhubiri hakuwa ametaja haja yoyote ya Mungu. Sababu hiyo niliiongeza mimi, kwa kuwa niliona inapendeza masikioni. Watu wakaitika "Amina".

Mama mdogo hakuitika. Jioni, wageni walipopungua, aliniita karibu na jiko la makala.

"Papa, wewe unayesoma, nieleze. Kama amekuwa malaika, si mtoto wangu tena? Siku ya ufufuo nitamtambua kwa kitu gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepitisha neno kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuuliza limebeba nini.

Juma lililofuata nilianza na neno lenyewe, kwa sababu ndiyo njia tunayofundishwa hapa. "Malaika" tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako umbo hilo ni la wingi; sisi tumelifanya liwe umoja na wingi pia. Katika lugha za Kisemiti mzizi wake una maana ya kutuma. Kiebrania kina neno ndugu yake, mal'akh, na waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki walitumia angelos. Yote mawili yana maana ya mjumbe tu. Katika sura ya 32 ya Mwanzo, Yakobo anakutana na mal'akhim wa Mungu, na mistari michache baadaye anatuma mal'akhim kwa kaka yake Esau. Kiebrania hakibadilishi neno. Ni watafsiri waliolazimika kuchagua: Kilatini cha Hieronimo kiliwaita wa kwanza angeli na wa pili nuntii, na Kiswahili nacho kinawatenga malaika na wajumbe. Katika Injili ya Luka, sura ya 7, watu waliotumwa na Yohana Mbatizaji wanaitwa angeloi, nao walikuwa watu wenye vumbi miguuni kama sisi.

Kumbe kwa asili neno hili linataja kazi. Augustino alilisema jambo hilo zamani katika mahubiri yake juu ya Zaburi: malaika ni jina la huduma; ukiuliza wao ni nini kwa asili, jibu ni roho. Gabrieli anapomtokea Zakaria, anajieleza kwa mambo mawili: anasimama mbele za Mungu, na ametumwa. Na Waraka kwa Waebrania, mwishoni mwa sura ya kwanza, unawaeleza malaika wote kuwa roho za huduma, zinazotumwa kwa ajili ya watakaourithi wokovu. Hapo lugha yetu inasaidia kuliko Kifaransa, maana kutoka mzizi mmoja wa "tuma" tunapata mtume, mtumishi, na hata mtumwa. Anayesema ange hasikii tena ndani yake sauti ya mtu aliyetumwa.

Neno jingine lililonisimamisha ni "mjoli". Nililikuta katika Biblia ya Kiswahili ya 1952, mwishoni mwa Ufunuo. Yohana anaanguka miguuni pa malaika ili amsujudie, na malaika anamkataza, akisema kwamba yeye ni mjoli wake. Niliwauliza wenzangu kumi wa darasa, hakuna aliyelijua. Mjoli ni mtumwa mwenzako, mnayemtumikia bwana mmoja. Kwa hiyo malaika hamwiti Yohana mdogo wake, wala hamwahidi kwamba siku moja atapanda cheo awe malaika. Ni viumbe wawili tofauti wenye bwana mmoja.

Mwenzangu mmoja alinipinga. Alisema Waswahili humwita mtoto mchanga malaika, na kamusi zinakubali. Ana haki. Kamusi hutaja hata vinyweleo laini vya mwilini kwa neno hilohilo, na katika wimbo aliouimba Miriam Makeba malaika ni mpenzi. Sina ugomvi na mama anayembembeleza mwanawe kwa jina hilo. Ugomvi wangu ni na hoja niliyoijenga mimi juu ya jina hilo, mbele ya mama aliyefiwa. Ni kweli Yesu alisema kwamba waliofufuka watakuwa kama malaika, lakini alikuwa akijibu swali juu ya ndoa, na "kama" si "kuwa". Tumaini la Mkristo ni ufufuo wa mwili, na malaika hawana mwili wa kufufuliwa. Niliposema kwamba mtoto amekuwa malaika, nilimnyang'anya mama yake ule uso na ile mikono aliyokuwa anaitumainia.

Nilirudi kwake Jumapili jioni. Sikumweleza Kiebrania wala Kigiriki. Nilimwambia: "Mama mdogo, siku ile nilitafsiri vibaya, tena niliongeza maneno yangu. Malaika ni watumishi wa Mungu. Wanatumwa, wanafanya kazi, wanarudi. Mtoto wako hakugeuka kuwa mmoja wao. Kanisa linaamini kwamba mtu atafufuka akiwa mtu. Na Mungu hakumchukua kwa kukosa watumishi."

Alinyamaza, akachochea makala. Kisha akasema, "Basi bado ana jina lake." Akalitaja, jina lote, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Ningali ninatafsiri kanisani. Mgeni akisema neno zito, sasa ninamwinamia na kumuuliza amekusudia nini, hata kama watu wanangoja. Mjumbe hana ruhusa ya kuongeza neno ili liwe tamu.