Usisaini Ijumaa Jioni

Swali ninaloulizwa kuliko yote huja kwa sauti ya chini, kwenye kona ya ukumbi wa harusi au kwa ujumbe wa saa tano usiku: "Dada, naona wanataka kunifukuza. Niache mwenyewe kabla hawajaniwahi?" Wananiuliza kwa sababu wanajua ninakaa upande gani wa meza. Mimi ni afisa rasilimali watu. Kazi hii nimeifanya Dar es Salaam katika kampuni ya usafirishaji, kisha hotelini, na sasa niko kiwandani. Barua za onyo naandika mimi, vikao vya nidhamu naitisha mimi, na mtu anapotoka getini na boksi lake, makabidhiano amesaini mbele yangu.

Jibu langu huwaudhi wengi. Wanatarajia nizungumzie heshima, kwamba aondoke kichwa juu kabla hajaaibishwa. Mimi huanza kwa kuuliza mkataba wake ni wa aina gani, mkopo wa benki umebaki kiasi gani, na faili lake lina nini. Heshima ipo, lakini haikati marejesho ya mkopo mwisho wa mwezi.

Mwajiri anayetaka kukuondoa huku hana sababu ya kutosha hakuna karatasi anayoipenda kama barua yako ya kuacha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayemwachisha mtu athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Mzigo huo ni wake. Ukiandika "naacha kazi kwa sababu zangu binafsi", umemtua. Kiinua mgongo nacho, ambacho sheria inakitaja kuwa si chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapokuachisha. Ukiondoka mwenyewe huna pa kukidai. Hata NSSF, wenye fao la upotevu wa ajira la asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6 kwa aliyechangia angalau miezi 18, hawamlipi aliyeacha kwa hiari yake. Watu wanapoteza vyote hivyo kwa mistari mitatu iliyoandikwa kwa hasira.

Basi utajuaje kama kweli wanakutafuta? Bosi mkali si lazima awe anakutafuta. Wapo mameneja wanaofokea kila mtu, kuanzia dereva hadi mhasibu mkuu, na mwisho wa mwaka wanagawa bonasi bila kinyongo. Kazi ya namna hiyo inachosha, lakini haijakulenga wewe. Anayekulenga hana kelele. Huanza kwa kuja ofisini kwangu na kusema, "Hebu nipatie faili la fulani."

Akilifungua, mara nyingi hakuti kitu. Miaka yote alikuwa anakaripia kwa mdomo tu, na kwenye fomu ya tathmini anaweka alama nzuri ili asigombane na mtu. Sasa inabidi faili lijazwe. Ukiwa mezani kwako utayaona haya: maagizo aliyokuwa akikupa kwa kupita mlangoni yanakuja kwa barua pepe, na nakala inakuja kwangu. Unapewa malengo yenye tarehe, wakati hujawahi kupewa malengo. Unaletewa kijana "ajifunze kwako", na anajifunza kazi yako yote. Unaondolewa kwenye kundi la WhatsApp la idara na unaambiwa ni bahati mbaya. Moja kati ya hayo si kitu. Yakija yote ndani ya mwezi mmoja, acha kujifariji.

Meneja mmoja aliwahi kunitaka niandae barua ya kumtaka mtu ajieleze, halafu niiwekee tarehe ya mwezi uliopita. Nikamwambia barua inayotoka leo ina tarehe ya leo. Hatukuelewana tena mimi na yeye, ila tarehe ilibaki ya leo. Nakutajia hilo ujue kwamba barua yoyote unayopokea, andika pembeni siku na saa uliyoipokea ndipo usaini, na ubaki na nakala. Kusaini kwamba umepokea si kukubali kosa. Wanaokataa kusaini wakidhani wanajilinda huishia kuandikiwa "amekataa kupokea" mbele ya mashahidi wawili.

Nieleze kisa cha mtunza stoo mmoja, mtu mzima, ambaye sote tulimwita Mzee. Hesabu ya mzigo haikulingana na vitabu. Ijumaa saa kumi na nusu jioni akaitwa kwa meneja mkuu, na mimi nikaitwa kushuhudia. Barua ya kuacha kazi ilikuwa imeshachapwa na jina lake liko chini. Meneja alisema kwa upole kabisa, "Mzee, sisi tunakuheshimu. Hatutaki kukuchafulia jina. Saini hapa, Jumatatu upate mshahara wako na cheti chako, yaishe." Mzee alivaa miwani, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Kisha akatoa kalamu yake mfukoni, na meneja akaegemea kiti akijua mambo yamekwisha. Mzee akasahihisha herufi moja iliyokosewa kwenye jina la baba yake, akafunika kalamu. Akasema, "Barua ni yangu, mbona sijaiandika mimi? Naomba nakala nikaisome nyumbani."

Nilimtolea nakala. Jumatatu alileta barua ya mkono, ukurasa mmoja, akiomba aandikiwe tuhuma, apewe muda wa kujiandaa, na aje kwenye kikao na mfanyakazi mwenzake. Hakuomba upendeleo wowote. Kanuni za mwaka 2007, zile za Tangazo la Serikali Na. 42, zinampa mtuhumiwa yote hayo, na muda wa kujiandaa hautakiwi kupungua saa 48. Ilibidi mzigo uhesabiwe upya, na ikaonekana sehemu ya tofauti ile ilitokana na shehena iliyopokelewa usiku na zamu nyingine. Tuhuma ikafa. Baada ya miezi kadhaa Mzee aliondoka, maana mahali uliponusurika kufukuzwa hapanogi tena. Lakini aliondoka kwa makubaliano ya maandishi, akiwa na malipo ya notisi, ya likizo, kiinua mgongo na nyongeza juu yake. Yule yule ambaye Ijumaa ile angetoka na mshahara wa mwezi tu.

Ijumaa jioni huchaguliwa kwa makusudi. Ofisi za serikali zimefungwa, wakili hapatikani, mwenzako wa kumuuliza yuko kwenye daladala, na wewe umechoka.

Upo upande wa pili, na hapa ndipo watu wanaponyanyaswa mara mbili. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuandika barua ya kuacha kazi kumbe ameachishwa, kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike. Kanuni zinataja wazi unyanyasaji wa kijinsia, au mwajiri kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi yake. Ila hapo mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako wewe, na utaulizwa: ulilalamika kwa nani, lini, wapi? Unatakiwa uwe umetumia njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa uwe na sababu nzuri ya kutozitumia. Hotelini palikuwa na binti wa mapokezi ambaye msimamizi wake hakumwacha apumue. Siku moja hakurudi, simu akazima. Jambo lenyewe tulilisikia baadaye kwa wenzake wa jikoni. Kwenye karatasi zetu yeye alikuwa mtoro, kwa kuwa kukosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika ni kosa la kumwachisha mtu. Msimamizi hakuwa na karatasi hata moja dhidi yake. Barua pepe moja tu kwangu, hata ya mistari miwili yenye tarehe, ingebadilisha nani anajieleza.

Na tabia yetu ya adabu inatuponza. Mtu ametukanwa mwaka mzima, amepata presha, lakini akikaa kuandika barua ya kuaga anaandika "nawashukuru kwa ushirikiano mzuri mlionipa". Anaona haya kusema ukweli kwenye karatasi. Wiki tatu baadaye anadai alilazimishwa kuondoka, na wakili wa kampuni anasoma shukrani zake kwa sauti. Kama unaondoka kwa sababu ya manyanyaso, andika manyanyaso, kwa tarehe na kwa lugha ya kawaida. Kama huna mpango wa kudai chochote, shukuru upendavyo.

Sisemi kila mtu abaki asubiri. Ukiambiwa usaini hati za malipo unazojua ni za uongo, ondoka hata kesho, maana saini hubaki na mwenyewe, na anayekutuma hatakuja kukutetea. Daktari akikwambia presha yako inapanda siku za kazi na kushuka ukiwa likizo, hakuna kiinua mgongo kinachorudisha hiyo. Aliye na chini ya miezi 6 kazini hana kinga ile dhidi ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo kusubiri hakumwongezei chochote. Na kama tuhuma ni ya kweli na unajua ni ya kweli, kaa na mwajiri mapema mzungumze namna ya kuachana. Usidhani kwamba kuandika notisi kunafuta kikao; ndani ya notisi wewe bado ni mfanyakazi, na kikao kinaweza kukukuta humo.

Wenye mikataba ya muda maalumu, ya mwaka mmoja au miwili, ndio wengi siku hizi, na wengi hawajui kwamba hawana uhuru wa kuondoka wanapotaka. Kanuni zinawaruhusu kuacha kabla ya muda pale mwajiri anapovunja mkataba kwa kiasi kikubwa. Vinginevyo ni kukubaliana naye. Soma mkataba kabla ya kusoma barua ya bosi.

Ukishaamua kuondoka, ondoka kwa hesabu. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, na akikataa kufanya kazi ndani yake mwajiri anaweza kumkata fedha za siku hizo. Dai malipo ya likizo uliyolimbikiza, dai cheti cha utumishi. Vyote ni haki yako hata kama mmeachana kwa maneno. Kusanya mkataba wako, slipu za mshahara, fomu za tathmini na barua ulizoandikiwa ukiwa bado una ufunguo wa droo. Nyaraka za wateja usiziguse, usije ukawapa kosa walilokuwa wanalitafuta. Nenda benki mapema uzungumze kuhusu mkopo kabla mshahara haujakatika. Na mwambie mwenzako nyumbani. Namfahamu mtu aliyevaa shati la kazi kila asubuhi, akapanda gari Mbagala, akashinda kwenye bustani za Mnazi Mmoja hadi jioni kwa sababu hakuweza kumwambia mkewe. Mke alijua siku nyingi.

Kwa aliyekwisha kuachishwa, au aliyelazimishwa kusaini akiwa peke yake chumbani, muda ni mfupi. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Siku hizo hazisubiri hasira ipoe wala mjomba arudi safari. Unajaza Fomu Na. 1, unampa mwajiri nakala, unaanza na usuluhishi, na kufungua shauri hakulipiwi.