Mbwa Hapana, Mama Apate Matetea

Reading, Uingereza

Mdogo wangu,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti kuhusu Mama: kwamba tangu Baba atutoke nyumba ya Ukonga imempwaya, mchana kutwa yuko yeye na redio, na mjomba ameshapata mtu wa kumuuzia mbwa wa Kijerumani, ili Mama apate mwenzake na mlinzi kwa mpigo mmoja. Wazo la mnyama naliunga mkono kwa moyo wote. Mbwa ndiye ninayemkataa, na naomba unisikilize kabla pesa haijatoka.

Kazi yangu huku ni kuhudumia wazee, na nimeshuhudia mzee asiyesema na mtu akichangamka pale mbwa wa wageni anapoingia sebuleni. Lakini Waingereza wenyewe wanajua kwamba mbwa humshinda mzee. Kuna shirika linaitwa Cinnamon Trust, lilianzishwa mwaka 1985. Watu wake wa kujitolea huwatembezea mbwa wazee wasiojiweza, na mwenye mnyama akifariki, humtafutia makao mapya. Hapo nyumbani mbwa atatembezwa na nani? Wewe unadandia daladala alfajiri na kurudi usiku.

Magoti ya Mama unayajua. Mbwa mkubwa akimrukia kwa furaha tu, Mama yuko chini, na nyonga ikivunjika katika umri ule si jambo dogo. Mbwa anataka chanjo ya kichaa kila mwaka. Mama anaswali swala tano, na ute wa mbwa unamlazimu kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa nini tumtwike hilo uzeeni? Kubwa kuliko yote ni wageni. Watoto wa jirani anaowatuma dukani, kina mama wa kikoba wanaopita kumjulia hali, hao ndio dawa ya upweke wake. Mbwa mkali atawasimamisha getini, mwisho wataacha kuja.

Paka angefaa zaidi, hana najisi na hajitwishi kwa mtu, ila hupenda kujipitisha miguuni, na Mama hajawahi kuwa mtu wa paka. Mbuzi wa mnada wa Pugu anavuta kamba na anataka kukatiwa majani. Tuwaache.

Mletee kuku. Kule Gateshead, kaskazini mashariki mwa Uingereza, shirika la Equal Arts lina mradi uitwao HenPower, unaowapa wazee kuku wa kuwatunza, hata walio kwenye nyumba za wazee. Wazee huamka wakiwa na shughuli: kufungua banda, kubadilisha maji, kuokota mayai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northumbria waliufuatilia mradi huo na kukuta upweke na huzuni vimepungua. Mimi nasadiki sababu ni kwamba mzee anarudi kuwa mtu anayetegemewa. Mama ametulea, amezika, ameuza maandazi, na leo kila mtu anamwambia kaa upumzike.

Chukua matetea wachache wa kienyeji na jogoo mmoja, wa kuokoteza uani, kula pumba na mabaki ya ugali. Wale wa kisasa wa mayai watakudai chakula cha dukani kila wiki. Fundi alinyanyue banda juu ya miguu, viota vifike kiunoni mwa Mama, asiiname kutafuta yai. Wavu uwe imara, kicheche hana huruma. Kuku wasiingie jikoni, na Mama anawe kwa sabuni kila akitoka kuwahudumia.

Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, isikupite pembeni. Kideri kikiingia kinafagia banda zima, na huzuni yake itampata Mama. Chanjo yenyewe ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi na ikishafunguliwa haikai sana, kwa hiyo waite majirani wenye kuku mchanjie siku moja, pale pale uani kwa Mama. Utaona watu watakavyokaa baadaye na chai.

Na mtafute mapema atakayefungua banda siku Mama akiwa kliniki. Yule kijana wa nyumba ya pili ni mwaminifu, alipwe kwa mayai.

Kabla ya yote, muulize Mama. Akisema hataki kuku, shauri langu lote life hapo hapo, tutafute lingine pamoja naye. Akikubali, pesa ya banda nitaituma kwenye simu yako. Ya kuku mpe mkononi, akachague matetea wake mwenyewe. Mjomba nitampigia mimi.

Nifikishie shikamoo kwa Mama.

Dada yako