Maji ya Mlima wa Mungu

Mimi ni mtoto wa Kibondo. Kwetu masika udongo mwekundu hukufuata hadi kanisani, na maji ya kunawa miguu hatuyahesabu. Nilipofika Engaresero, karibu na Ziwa Natron, nilikuta vumbi la kijivu, miiba na joto, na mbele yetu Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu kwa Kimaasai.

Lava yake haina mfano kwa volkano hai duniani. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya lava ya kawaida. Hutoka nyeusi, ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Nilitamani sana kuiona.

Tulianza kupanda usiku ili kukwepa jua. Majivu yaliyoganda yalikuwa yakimeguka chini ya viatu. Tukiwa tumekaribia kileleni, mwenzangu, frateri wa Kasulu, akaanza kutapika. Maji yangu yalikuwa yamekwisha, maana nilikunywa kama niko nyumbani.

Nakiri: nilimwambia atusubiri pale pale. Kijana wa Kimaasai aliyetuongoza alinitazama, akasema, “Jua likitoka, hapa hakuna kivuli.”

Tukashuka wote. Sikumsemesha mwenzangu njia nzima. Kulipopambazuka, ziwa likaonekana chini, jeupe kwa magadi. Akaketi, akafungua chupa yake. Alikuwa amebakiza mafunda mawili.

“Frateri, kunywa,” akasema, akaninyooshea.