Kilimia Kina Majira Yake

Mwaka mmoja katika mwezi wa Mei tulifunga safari kwenda Kongwa, mkoani Dodoma, kumwona Bibi, mama mzazi wa baba wa watoto wetu. Pamoja na kumsalimia tulikuwa na haja nyingine. Watoto walikuwa wamekutana na jina la Kilimia walipokuwa wakisoma kitabu cha Ayubu, sura ya 38, wakatuuliza ni kitu gani. Tuliwajibu kwamba ni kundi la nyota, lakini mjini kwetu taa ni nyingi mno na anga halionekani vizuri. Tukawaahidi, "Tutawaonyesha kwa Bibi."

Kongwa ni nchi ya ukame. Mvua hunyesha mara moja tu kwa mwaka, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na mwenye kukosea majira hukosa chakula. Hapo ndipo Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mashamba makubwa ya karanga mwaka 1947. Matrekta yaliletwa kwa wingi, lakini mvua haikutosha na udongo ulikauka ukawa mgumu. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea.

Usiku ule anga lilikuwa safi kabisa. Baada ya chakula tulitandika mikeka uani, tukatafuta Kilimia huku na huku hata shingo zikatuuma. Bibi alikuwa akicheka peke yake.

"Mwanangu," aliniambia, "mnamtafuta mgeni aliyekwisha ondoka. Mwezi huu Kilimia kimezama. Njooni wakati wa kulima."

Jina lenyewe, Kilimia, linatokana na kulima. Wazee wa pwani nao wana msemo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Tuliporudi mjini tulisoma habari hiyo, tukaona Bibi alisema kweli. Dunia huzunguka jua kwa mwaka mzima. Ifikapo kama tarehe 20 Mei, jua huwa upande uleule wa anga ulipo Kilimia. Nyota hizo huchomoza na kutua pamoja na jua, na mwanga wa mchana huzificha. Baadaye kila siku huchomoza mapema kwa dakika 4 kuliko jana yake, yaani saa 2 kwa kila mwezi. Kwa hesabu hiyo ndogo mama yeyote anaweza kujipatia kalenda yake.

Kuanzia katikati ya Juni Kilimia huonekana alfajiri, upande wa mashariki, kabla jua halijatoka. Katikati ya Agosti huchomoza baada ya saa sita usiku. Katikati ya Novemba huchomoza jua linapotua, nacho hukaa angani usiku kucha. Mwishoni mwa Januari, saa mbili usiku, huwa juu sana upande wa kaskazini. Mwezi wa Aprili huonekana magharibi kwa muda mfupi baada ya giza kuingia, kisha huzama tena. Chagueni usiku usio na mbalamwezi, maana mwanga wake nao hufifiza nyota.

Tulirudi Kongwa mwezi wa Desemba, shule zilipofungwa. Bibi alikuja kutupokea akipapasa ukuta. Tulipomwamkia, alitutambua kwa sauti. Kumbe hata mwezi wa Mei alikuwa akijikwaa mlangoni na kumwaga chai pembeni ya kikombe. Tuliyaona hayo, tukasema ni uzee, tutampeleka kwa daktari wa macho tukipata nafasi. Sasa tulimpeleka, na daktari akatueleza kwamba ni presha ya macho. Ugonjwa huu huharibu mshipa wa macho polepole, mara nyingi bila maumivu. Uoni uliokwisha potea haurudi, ila dawa huweza kuulinda uliobaki. Kwa Bibi uliobaki ulikuwa kidogo sana.

Usiku wa kwanza baada ya kutoka hospitali kulikuwa na mawingu. Usiku wa pili anga lilifunguka. Bibi alikaa kwenye kigoda akamwita mjukuu wake wa kiume, "Njoo hapa, mume wangu, uwe macho yangu." Akamgeuza kwa mabega aelekee mashariki.

"Unaona nyota tatu zimejipanga mstari?"

"Naziona, Bibi." Hizo ni za mshipi wa Orioni.

"Panda nazo juu, uje mkono wa kushoto. Utakuta nyota moja nyekundu nyekundu. Ipite, uendelee vilevile. Unaona nini?"

Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akapiga kelele, "Kifungu! Kifungu kidogo kama vumbi linalong'aa!"

"Hesabu."

Alihesabu sita. Dada yake alisema ni saba. Kwa darubini huonekana makumi, na wataalamu wa nyota wanatueleza kwamba kundi hilo lina nyota zaidi ya 1,000. Mwanga wake husafiri kwa miaka kama 440 kabla ya kutufikia. Bibi aliuinua uso wake upande ule ule, akatabasamu kama anayeziona. "Basi," alisema, "kesho tupande mtama."

Akina mama wenzetu, tumejifunza kwamba Kilimia kikizama tunaweza kukingoja. Mungu aliyekiumba amekiwekea majira yake, nacho kitarudi mwezi wa Juni bila kukosa. Macho ya mama yetu hayakutungojea hivyo. Kama nyumbani kwako yupo mzazi anayejikwaa mlangoni, usiseme ni uzee. Hata wewe uliyevuka miaka 40, nenda ukapimwe presha ya macho. Kisha, jioni moja ya Novemba au Desemba, toka nje pamoja na wazee wako na watoto wako, mkatazame juu pamoja.