Mbunge Wetu, Kutoka Swali Hadi Saruji

Uchaguzi wa kwanza ninaoukumbuka vizuri ni wa mwaka 1970. Nilikuwa darasa la nne, katika kijiji cha wakulima wa pamba kusini mwa Ziwa Victoria. Wagombea ubunge walikuwa wawili, wote wa chama kimoja, TANU, na walifika kwetu ndani ya Land Rover moja. Utaratibu huo ulianza mwaka 1965: wagombea walisafiri pamoja, walipanda jukwaa moja, walipewa muda sawa, walizungumza Kiswahili tu, na ilikuwa marufuku kugusa kabila au dini. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba. Mwenye jembe alijiona amebahatika, maana mkulima gani atalikataa jembe? Lakini wazee wetu hawakudanganyika kirahisi. Walikuwa wakikumbushana kwamba mwaka 1965 Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyeujenga ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, aliangushwa huko huko Mwanza. Chama kilikuwa kimoja, lakini kura ilikuwa na nguvu yake, na waliokuwa juu walilijua hilo.

Aliyeshinda kwetu alikuwa mwalimu wa zamani. Watu walimwita Ndugu, kama walivyoitana wenyewe. Hakuwa na gari. Kwenda bungeni alipanda treni Mwanza hadi Dar es Salaam, kwani wakati huo Bunge lilikuwa likikutana katika Ukumbi wa Karimjee, na akirudi alizunguka vijijini kwa basi, kwa baiskeli, mara nyingine kwa miguu, daftari mkononi.

Mimi nilimfahamu kupitia barua. Watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo sisi wanafunzi ndio tuliowaandikia. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye shamba kubwa kuliko yetu, aliniita jioni moja nimwandikie mbunge. Pamba yake ilikuwa imepimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, amepewa stakabadhi, na tangu hapo fedha hazionekani. Nikaanza kama tulivyofundishwa shuleni: mimi mtumwa wako mtiifu ninaomba. Akanizuia. "Mjukuu wangu, futa hapo. Mimi siombi. Andika kwamba nauliza: pamba yangu imekwenda wapi, na nani ameishika fedha yangu?"

Jibu lilikuja baada ya mkutano wa Bunge. Mbunge alikuwa ameuliza, na alikuwa amenakili kwa mkono wake swali la msingi, maelezo ya Waziri, swali lake la nyongeza na alichojibiwa tena. Karatasi ile ilisomwa kwenye mkutano wa hadhara, chini ya mkwaju, mara mbili, kwa sababu waliokaa nyuma walidai hawakusikia. Malipo yalifika msimu wa kupanda ukiwa umeshaanza, watu wakiwa wamekwisha kukopa mbegu na chakula, na manung'uniko yalikuwa mengi. Hata hivyo kila mkulima alijua serikali imesema nini, imesemwa na nani, na kwa swali la nani. Mbunge alipokuja tena, yule mzee aliitoa karatasi ile mfukoni, imekunjwa mara nne, akamsomesha mwenyewe mbele ya watu sentensi ya ahadi ya Waziri, kisha akadai maelezo. Mbunge akaandika daftarini. Sijaona tena kazi ya ubunge ikifanyika kwa usafi kama ule.

Sisemi haya kwa kuutamani mfumo wa chama kimoja. Mwaka 1968 TANU iliwavua uanachama wabunge kadhaa, akiwamo Joseph Kasella Bantu wa Nzega, si mbali na kwetu, na kwa sheria ya wakati ule aliyepoteza uanachama alipoteza na kiti. Mbunge wetu aliyajua hayo vizuri. Operesheni Vijiji ilipotufikia mwaka 1974, hakuja na daftari. Alikuja na viongozi wa wilaya kutueleza tutahamia wapi na lini. Mama yangu aliacha shamba lililokuwa na samadi ya miaka mingi, akapewa eneo la mchanga. Wazee walimtazama mbunge, wakingoja aseme neno. Hakusema. Na vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, chombo tulichokuwa tukikilalamikia kwa sababu kilikuwa chetu, hakusema pia. Alituvunja moyo, na uchaguzi uliofuata hakurudi.

Mwaka 1991 masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, yaliyomzuia kiongozi kuwa na hisa, nyumba za kupangisha au mishahara miwili, yalilegezwa na chama kwenye kikao cha Zanzibar. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Nilifurahi kwa dhati, na bado nafurahi, kwamba mbunge anaweza kuipinga serikali mchana kweupe. Lakini kampeni za mwaka 1995 zilileta kijijini kitu kingine: magari kwa msururu, fulana, kanga, sukari, na mgombea aliyetaka tumpime kwa mfuko wake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikairuhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Ilibidi Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake, mashirika ya LEAT na NOLA, waende Mahakama Kuu, na mwaka 2006 takrima ikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Kufikia hapo watu walikwisha zoea.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Barua ilimlazimisha mtu afikiri anataka kusema nini. Simu inabeba shida ya usiku ule ule: Mheshimiwa, nimefiwa. Mheshimiwa, ada ya mtoto. Mheshimiwa, timu yetu haina jezi. Mbunge mmoja wa jimbo letu aliwahi kunilalamikia kwamba maswali aliyouliza bungeni hayajamletea kura, ila mabati yamemletea. Nilimhurumia, kwa sababu alisema kweli. Nilikuwapo kwenye mkutano wake alipokuwa akihesabu mifuko ya saruji aliyotoa kata kwa kata. Mama mmoja alisimama akataka kujua kwa nini viuadudu vya pamba vimefika wadudu wakiwa wameshamaliza vitumba. Vijana wakampigia kelele akae chini, saruji ya shule yao ilikuwa haijatajwa. Akakaa.

Nguvu ya swali haikufa. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe iliwasilisha ripoti ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kijijini kwetu watu walijazana kwenye duka lenye televisheni, wamesimama hadi barabarani. Miaka minane baadaye serikali ikatangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, inaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, na duka lile likarudi kwenye mpira.

Ninachokipinga zaidi ni Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009. Inamweka mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati inayogawa fedha za mfuko huo jimboni. Kazi aliyopewa na Katiba ni kuisimamia serikali. Akishakuwa mgawaji, nani atamsimamia yeye, na atapata wapi ujasiri wa kumbana Waziri juu ya darasa lisilo na paa wakati wananchi wamekwisha aminishwa kwamba paa ni kazi yake?

Wabunge wenyewe waibadilishe sheria hiyo: fedha zibaki, zigawiwe na halmashauri, na mbunge atoke kwenye uenyekiti. Nawe msomaji wa kijijini, Taarifa Rasmi za Bunge ziko kwenye tovuti yake, kwa Kiswahili. Mwombe mwanao au mwalimu wa karibu akutafutie jina la mbunge wako, soma aliuliza nini mwaka huu na alijibiwa nini, kisha nenda na karatasi hiyo mkutanoni.