Si Kila Tumbo ni Chango

Akina mama wenzetu, sisi tuliolelewa katika pwani ya Tanga tunalijua neno chango tangu utoto. Binti akishika tumbo, ni chango. Mke kijana akitapika, majirani hunong'ona kuwa ni mimba. Akizidi kulia, tunasema ni chango. Bibi huchemsha mizizi, shangazi hukanda tumbo, na mara nyingi maumivu hupoa. Lakini yako matumbo yasiyotaka mizizi wala kukandwa.

Upo ugonjwa mmoja wa nadra sana. Utando mweupe na mgumu huota ndani ya tumbo na kuuzunguka utumbo mwembamba, kama kifukofuko anachojifungia kiwavi. Utumbo hubanwa, chakula kisipite. Daktari Owtschinnikow aliuandika mwaka 1907, na mwaka 1978 madaktari wa Singapore waliueleza kwa wasichana waliokuwa wakikua. Mara nyingine chanzo hakionekani. Mara nyingine ni kifua kikuu kilichoingia tumboni. Mara nyingi hugunduliwa wakati wa upasuaji, naye daktari huuchana utando ule na kuubandua taratibu mpaka utumbo uwe huru.

Huenda tusimwone mgonjwa wa namna hiyo maisha yetu yote. Hata hivyo, utumbo kuziba si jambo geni kwetu. Ngiri iliyonasa huuziba. Makovu ya ndani yanayobaki baada ya upasuaji, hata ule wa kujifungua, huweza kuubana miaka mingi baadaye. Kifua kikuu nacho kimo: mwaka 2013 madaktari wa Bugando, Mwanza, waliandika juu ya wagonjwa 118 ambao utumbo wao ulizibwa na ugonjwa huo. Dawa zake hutolewa bure katika nchi yetu.

Basi tuzishike dalili hizi. Maumivu hubana na kuachia, kisha hubana tena. Mgonjwa hutapika, hata nyongo ya kijani. Tumbo huvimba. Choo hakipatikani, wala upepo hautoki. Tukiziona, tusimpe haluli wala mafuta ya nyonyo, tusimpige bomba la dawa, wala tusimkande. Dawa ya kuharisha huusukuma utumbo uliofungwa, nao waweza kutoboka. Tusimlazimishe kula wala kunywa. Hospitalini atawekewa maji kwa mshipa, atapitishiwa mpira puani ili tumbo lipumzike, na atapigwa picha. Wengine hufunguka bila kisu. Wengine wanahitaji upasuaji upesi, kwa maana kipande cha utumbo kikikosa damu hufa katika muda wa saa chache.

Tunajua ugumu uliopo. Kutoka Moa au Mkwaja hadi Hospitali ya Bombo ni safari, na nauli haipatikani kila siku. Baba wa nyumba huenda yuko baharini, na mama mkwe anataka aulizwe kwanza. Tukubaliane mapema, nyumba ikiwa na amani, kwamba mgonjwa wa namna hii hangojeshwi ruhusa. Vikundi vyetu vya akina mama viweke akiba ndogo kwa ajili ya safari hiyo.

Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu. Basi tuombe, tena tuombe sana, lakini tukiwa njiani kwenda hospitali. Bwana awalinde mabinti zetu.